Karafuu ya Pemba kwenye povu la Busia

Dereva wa lori anayesubiri zamu yake Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hana haraka, lakini ndevu zina haraka yao. Ametoka Mombasa na kontena la Kampala, Kigali au Juba, amelala ndani ya kebini, na uso umeanza kufanana na safari yenyewe. Anateremka, anavuka barabara, anaingia kibanda cha kinyozi na kufungwa shuka shingoni. Akitaka mashine, shughuli inaisha upesi. Akitaka wembe, kinyozi analowesha kipande cha sabuni ya kuogea, anakisugua kidevuni, anachomoa wembe mpya kwenye karatasi yake na kuanza kukwangua. Mwisho ni spiriti: matone kiganjani, makofi mawili mepesi mashavuni, na mteja anavuta pumzi kwa meno. Siku ya pili au ya tatu, akiwa ameshapita Jinja, shingo inamwasha na vipele vimechomoza.

Ukiitazama huduma hiyo kwa makini, kila kifaa kimeundwa kwa kazi yake isipokuwa kimoja. Wembe ni wa kunyolea, mashine ni ya kunyolea, spiriti ni ya kuua vijidudu. Sabuni ndiyo iliyoazimwa bafuni. Makala haya yanahusu namna ya kuziba pengo hilo kwa sabuni ngumu ya kunyolea, yenye harufu ya heshima, inayoweza kupikwa nyumbani Busia au Malaba. Sehemu ya malighafi yake inatoka katika eneo hili letu la Afrika Mashariki, na mpaka huu upo katikati ya njia zake.

Kwa nini sabuni ya kuogea haitoshi

Ndevu zetu nyingi zimejikunja tangu kwenye shina. Wembe ukizikata zikiwa kavu, ncha huchongoka. Unywele unapoota tena hujipinda, ukarudi kuichoma ngozi uliyotoka, na mwili huushambulia kama kitu kigeni. Hapo ndipo vipele vya ndevu vinapozaliwa, na ndiyo maana vinawasumbua wanaume weusi kuliko wengine. Wapo waliouacha wembe kabisa na kuhamia poda za kuondolea ndevu, zile zinazokorogwa na maji na kunuka mayai viza. Poda hizo huyeyusha unywele bila kukata, lakini zikikaa usoni kupita muda ulioandikwa kwenye kopo, ngozi inaungua.

Tiba ya kwanza ni maji. Unywele mkavu ni mgumu. Ukiloweka dakika mbili tatu unavimba, unalegea, na wembe unapita bila kuvuta. Kazi ya sabuni ya kunyolea ni kuyazuia maji hayo usoni mpaka wembe umalize. Povu lake linatakiwa kuwa zito, lenye viputo vidogo mno, lisilokauka upesi na linaloacha utelezi nyuma yake. Sabuni ya kuogea imeundwa kwa kinyume chake: itoe povu jingi la haraka, iondoe mafuta mwilini na isuuzike mara moja.

Tofauti hiyo inaanzia jikoni. Sabuni yoyote ni mafuta yaliyokutana na alkali. Alkali ikiwa kostiki soda, sabuni hutoka ngumu, ya kukatwa vipande. Ikiwa kostiki potashi, hutoka laini na huyeyuka upesi ndani ya maji. Sabuni nzuri ya kunyolea hutumia zote mbili, potashi ikiwa nyingi zaidi, na mafuta yake hutawaliwa na asidi ya stiariki, ile nta nyeupe ya vipandevipande ambayo watengenezaji wa mishumaa wanaifahamu. Stiariki ndiyo inayolipa povu uzito na kulifanya lidumu. Mafuta ya nazi hulifanya liumuke haraka, na mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya nyonyo, huongeza utelezi.

Majivu ya bibi

Watu wa kaunti ya Busia hawahitaji kufundishwa potashi ni kitu gani, hata kama hawaiiti hivyo. Wakhayo, Wasamia, Wamarachi na Wanyala wamechuja munyu wa musherekha kwa vizazi. Maganda ya maharagwe au ya ndizi huchomwa, majivu hutiwa kwenye chombo chenye matundu, maji humiminwa juu, na kile kinachodondoka chini huingia chunguni kulainisha kunde na mrenda. Waiteso wa Malaba na Amagoro, na ndugu zao wa upande wa Tororo, wana abalang yao. Kilichomo ndani ya maji hayo kwa wingi ni kaboneti ya potasiamu. Kabla ya viwanda vya kemikali, sabuni laini ilipikwa sehemu nyingi za dunia kwa maji ya majivu ya namna hiyo.

Kuna jambo la kuvutia zaidi. Mafuta ya nazi yanahitaji alkali kali ili yageuke sabuni, lakini asidi ya stiariki huungana hata na alkali dhaifu. Iyeyushe, uimiminie maji makali ya majivu yaliyo moto, na itatoa gesi na kugeuka sabuni mbele ya macho yako. Kwa hiyo karibu nusu ya sabuni ya kunyolea ingeweza kuanzia kwenye jiko la bibi bila kwenda dukani.

Kikwazo ni kipimo. Majivu ya leo hayana nguvu sawa na ya jana, na bibi hurekebisha kwa kuonja. Mboga inavumilia kuonjwa, uso uliotoka kupitiwa na wembe hauvumilii. Alkali ikizidi inaunguza, ikipungua mafuta yanabaki mabichi na povu linakufa. Ndiyo sababu potashi ya sabuni hii hununuliwa duka la kemikali, ikiwa na kiwango cha usafi kilichoandikwa kwenye mfuko, ambacho kwa kawaida ni asilimia 90 hivi.

Chupa yenye merikebu

Kwa wanaume wengi wa rika la baba zetu, harufu ya uso ulionyolewa ina jina moja: Old Spice. Ilizaliwa Marekani, kwenye kampuni ya Shulton iliyoanzishwa New York mwaka 1934 na William Lightfoot Schultz. Ya kwanza, ya mwaka 1937, ilikuwa ya wanawake. Ya wanaume ikafuata mwaka 1938, na miongoni mwa bidhaa zake za mwanzo ilikuwamo sabuni ya kunyolea iliyokaa ndani ya kikombe. Chupa na kikombe vilichorwa merikebu ya matanga. Mwaka 1990 jina hilo lilinunuliwa na Procter & Gamble, na vijana wa leo wanalijua zaidi kwenye diodoranti ya kwapani kuliko kwenye kikombe cha sabuni.

Fomula ni siri ya kampuni, lakini pua haifungwi. Wanaoichambua harufu hiyo huitaja karafuu mwanzo, wakaongeza mdalasini, kungumanga na ganda la chungwa, na chini kabisa vanila, ubani na mbao ya mwerezi. Orodha hiyo ingeweza kuandikwa na mwenye duka la viungo pale Darajani, Unguja.

Karafuu yenyewe ni mgeni aliyelowea. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na Sultani Sayyid Said akaifanya zao kuu la dola yake. Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala la karafuu. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lina kiwanda kinachokeneka mafuta kutokana na makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Kinachonukia ndani ya mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni kemikali moja, yujinoli, ile ile inayokukumbusha kiti cha daktari wa meno. Wanawake wa Pemba nao hawakusubiri kiwanda. Karafuu imo katika singo, mchanganyiko wa manukato unaosuguliwa mwilini mwa bibi harusi.

Kwa ufupi, Mmarekani alichukua viungo vya Bahari ya Hindi, akavichorea merikebu, nasi tukavinunua vikiwa ndani ya chupa. Anayetaka kutengeneza sabuni yenye harufu ya jamii hiyo hana haja ya kuiga Amerika. Anarudi tu kwenye shina.

Kapu la mpakani

Tazama sasa mahitaji mengine. Mafuta ya shea yanatoka Lango, Acholi na Teso, kaskazini na mashariki mwa Uganda, ambako Waacholi huyaita moo yaa. Mshea wa upande huo wa Nile ni jamii tofauti na ule wa Ghana na Burkina Faso. Mafuta yake ni laini zaidi, na kwenye joto la Busia mchana hugeuka kimiminika ndani ya kopo. Ngozi huyapenda kwa sababu hiyo. Vanila inalimwa Mukono, Kayunga na Bundibugyo. Mafuta ya nazi yanapanda kutoka Kilifi na Kwale kwa barabara ile ile ya malori. Stiariki, potashi, soda na glisirini ni vya duka la kemikali, Nairobi au Kampala, na mtu wa mpakani ana hiari ya kulinganisha bei za miji mikuu miwili kabla ya kutoa pesa.

Kiungo kimoja kiachwe kabisa: msandali. Wapenda manukato huuulizia kila mara, na mti wetu wa Afrika Mashariki una mafuta mazuri. Lakini uvunaji wake Kenya ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka 2007, na mwaka 2013 mti huo uliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, baada ya misitu kufyekwa na magogo kutoroshwa kupitia mipakani. Harufu ya sabuni haifai kuwa sababu ya kung'oa mti pamoja na mizizi yake. Mwerezi unatosha.

Jikoni

Kina mama wengi wa vyama vya Busia wameshafundishwa sabuni ya maji. Wanazijua kemikali zake, Ungarol na Ufacid, wanajua chumvi inavyofanya mchanganyiko uwe mzito, na wanajua kukoroga kuelekea upande mmoja. Ujuzi huo ni mtaji, lakini sabuni ya kunyolea ni kazi ya namna nyingine. Sabuni ya maji ni kuchanganya kemikali ambazo kiwanda kimeshamaliza kuzipika. Hii inapikwa upya kutoka kwenye mafuta, na kosa la gramu chache linaonekana usoni kwa mtu.

Vipimo vya kuanzia ni hivi. Asidi ya stiariki gramu 250, mafuta ya nazi gramu 100, shea gramu 100, mbarika gramu 50. Kwa upande wa alkali, kostiki potashi ya asilimia 90 gramu 65 na kostiki soda gramu 28, ndani ya maji safi gramu 220. Mwishoni huingia glisirini gramu 40. Kwa hesabu hiyo alkali imepungua kidogo makusudi, ili mafuta kiasi yabaki bila kugeuka sabuni na kuilinda ngozi. Ukibadilisha mafuta yoyote, hesabu ya alkali inabadilika pia, kwa sababu kila aina ya mafuta ina kiwango chake. Mizani iwe ya dijitali inayosoma hata nusu gramu. Kijiko na kikombe havipimi sabuni.

Kabla ya moto, angalia sufuria. Sufuria nyingi za jikoni kwetu ni za alumini, na alumini na kostiki ni maadui: kostiki huila, ikafuka moshi na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kuwaka. Tumia chuma cha pua, au enameli isiyo na mabanduko. Vaa glavu, miwani na mikono mirefu, na fanya kazi penye hewa. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji yakimiminwa juu ya kostiki yanaweza kulipuka na kukurukia. Ikigusa ngozi, simama kwenye maji mengi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi. Siki ni ya kupangusia meza, si ya kutibu jeraha. Na hata siku moja usiihifadhi kostiki kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Watoto hunywa, na umio ulioungua hauponi kwa urahisi.

Yeyusha stiariki pamoja na mafuta mengine ndani ya sufuria iliyokalishwa kwenye maji yanayochemka, mpaka vipande vyote vimeisha na mafuta yanang'aa. Maji ya alkali nayo yawe bado moto. Yamimine polepole huku ukikoroga kwa mwiko. Hapa ndipo wengi hushtuka: stiariki haingoji. Mara tu alkali inapoigusa inashikana, na ndani ya dakika moja unachokoroga si kimiminika tena bali kitu kama ugali unaokaribia kuiva, kizito, chenye madonge, kinachovuta mwiko. Hakijaharibika. Endelea kukandamiza madonge ubavuni mwa sufuria, funika, koroga tena kila baada ya dakika chache. Katika nusu saa hadi saa nzima, ule weupe wa chaki utaanza kuondoka, madonge yatayeyukia ndani, na sabuni itakuwa nyororo, yenye kung'aa, inayoonyesha mwanga kidogo kwenye kingo zake.

Chukua kipande, kiyeyushe katika maji ya vuguvugu na uchovye karatasi ya kupimia pH. Sabuni halisi husoma kati ya 9 na 10. Ikipita hapo, iendelee kupikwa. Na ikikataa kushuka, vipimo vilikosewa na sufuria hiyo ikafulie matambara.

Harufu ina hesabu yake

Harufu huingia mwisho, moto ukiwa umezimwa na sabuni imepoa kiasi, pamoja na glisirini. Ukiitia mapema, joto linapaa nayo. Chungwa ndilo la kwanza kukimbia, kwa kuwa mafuta ya ganda lake ni mepesi mno. Karafuu na kungumanga hukaa katikati. Mwerezi na vanila hubaki nyuma na kuzishika nyingine.

Kwa sufuria hiyo moja, gramu 10 za mafuta ya manukato zinatosha: chungwa 4, mwerezi 2.5, karafuu 1.5, kungumanga 1.5, na mdalasini nusu gramu, uwe wa majani badala ya magamba. Mafuta ya magamba ya mdalasini ni makali kwa ngozi, tena iliyonyolewa. Karafuu pia isizidishwe kwa tamaa ya kunukia. Yujinoli inayotuliza jino ndiyo hiyo hiyo inayowasha shavu ikizidi, na wapo watu ambao ngozi yao haipatani nayo kabisa. Kwa vanila, pasua maganda machache, yaloweke kwa wiki kadhaa ndani ya mafuta ya mbarika, kisha katika zile gramu 50 za mbarika bakiza 10 za kutia mwishoni. Usishangae sabuni ikigeuka hudhurungi baada ya siku kadhaa. Vanila na karafuu huipaka rangi hiyo zenyewe.

Karafuu za kusaga zisitiwe. Zitakwaruza uso na harufu yake itakuwa hafifu. Yanayotakiwa ni mafuta yaliyokenekwa, na hapo sokoni pana ujanja mwingi, maana chupa ndogo zenye lebo ya karafuu mara nyingine ni mafuta ya kupikia yaliyolowekwa viungo. Jaribio moja ni la bure. Dondosha tone ndani ya glasi ya maji. Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama na kutulia chini. Yakielea yameshachanganywa. Tone jingine liweke kwenye karatasi nyeupe na uiache hadi kesho yake. Doa kubwa la mafuta likibaki pale pale, aliyekuuzia anajua alichofanya.

Sabuni ikishatiwa harufu, ishindilie kwa nguvu kwenye vikopo vifupi vyenye kifuniko, uondoe mianya ya hewa, na uiache wiki mbili hadi nne ikauke na kukomaa. Kwa kunyoa, lowesha uso kwa taulo ya moto dakika mbili tatu, zungusha brashi yenye unyevu juu ya sabuni, umalizie povu usoni, na wembe ufuate ndevu zinavyolala. Shingoni ndipo pa kuwa na subira, maana ndevu za hapo hulala kila upande.

Kinyozi ana sharti la ziada. Kikombe kimoja na brashi moja kwa wateja wote ni njia ya kusambaza maradhi, kwa sababu tone la damu halionekani ndani ya povu. Kila mteja akatiwe kipande chake kidogo, kiumuliwe kwenye bakuli safi, na wembe uwe mpya. Jambo hilo lina faida hata kibiashara: sabuni ikauzwa kwa vipande vya kunyoa mara moja, dereva akanunua kikopo cha kuendelea nacho safarini.

Jina lako, si la merikebu

Mpaka huu unajua bidhaa bandia kuliko unavyojua manukato, kwa hiyo neno hili lisemwe waziwazi. Harufu inayokaribiana na nyingine si kosa. Kosa ni kubandika jina la mwenzako, merikebu yake au umbo la chupa yake. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 na mamlaka inayoisimamia. Sabuni yako iite kwa jina lako, la kijiji chako au la karafuu yenyewe, na jina hilo ulisajili kwenye taasisi ya hakimiliki za viwandani, KIPI, kabla hujaibiwa wewe.

Kuuza kunahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Wengi huiogopa, lakini faida yake inavuka mpaka. Chini ya Sheria ya Viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006, alama ya ubora ya nchi mwanachama inatambuliwa na nchi nyingine, kwa hiyo kikopo kilichopita KEBS hakipaswi kupimwa upya Kampala. Aliyekwama kwenye vipimo anaweza kuwatafuta KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, ambayo ina kituo Kisumu.

Katika forodha napo pana jambo ambalo hata baadhi ya mawakala hulisahau. Kwenye mfumo wa dunia wa kuainisha bidhaa, krimu ya kunyolea imewekwa kifungu cha 33.07, pamoja na vipodozi. Sabuni ya kunyolea iliyo ngumu, ya kipande, iko 34.01, pamoja na sabuni nyingine. Kodi za vifungu hivyo si lazima zifanane, basi fomu ijazwe kwa usahihi. Na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, uliotengenezwa ndani ya jumuiya na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa akavuka bila ushuru wa forodha. Utaratibu huo upo kwenye kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na upo Malaba pia.

Wateja hawahitaji kutafutwa mbali. Mwaka 2020, wakati madereva walipokuwa wakipimwa korona kabla ya kuvuka, foleni ya malori ilinyooka makumi ya kilomita kutoka mpakani, na nchi nzima ikaona kwa mara moja ni watu wangapi wanaoishi barabarani. Madereva bado wanapita usiku na mchana, na kila mmoja ana uso wa kunyoa.

Busia na Malaba zimezoea kuhesabu mali ya watu wengine ikipita. Shea inashuka, nazi inapanda, karafuu inazunguka dunia na kurudi ndani ya chupa ya kigeni, na sisi tunabaki na foleni. Serikali ya kaunti, ambayo imezoea kuwafundisha kina mama sabuni ya maji, iongeze mizani ya dijitali, karatasi za pH na mwalimu mmoja wa kemia kwenye mafunzo hayo. Na wewe msomaji uliye na sufuria ya chuma cha pua na mkono usiotetemeka, anza na sufuria moja, mpe kinyozi wako kipande, na umsubiri mteja wake arudi baada ya siku tatu. Shingo isiyo na vipele ndiyo tangazo litakalokuuzia sabuni zilizobaki.